Gari Lililompeleka Skola Kanisani

Tulimzika Shangazi Pelagia mwezi uliopita, Mbagala, mchana wa jua ambao kivuli cha mtu kinajificha chini ya miguu yake. Padri alipomaliza, msemaji wa familia alinifuata na kipaza sauti mkononi akanitaka niseme neno kwa niaba ya watoto aliowalea marehemu. Lilikuwa jambo la kutarajiwa. Mimi ni mtu wa kusema mbele za watu, sijifichi katika hilo. Nina gereji mbili, moja Kinyerezi na nyingine Mabibo, nina vijana wanaolisha familia zao kwa kazi niliyowafundisha, na nina stashahada ya ufundi wa magari niliyoifuata Durban kwa jasho langu, bila mjomba wa kunilipia wala mkubwa wa kuniombea nafasi. Mtu aliyetoka chini akafika nilipofika ana haki ya kushika kipaza sauti. Lakini siku ile nilisema koo linaniuma. Skola, mdogo wangu, aliyekuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, aliinua uso akanitazama, kisha akarudisha macho mapajani. Alijua koo langu ni zima. Alijua pia ni jambo gani ningelazimika kuliruka kama ningeanza kumsifu Shangazi, na kwamba nikishaliruka hilo, sifa zitakazobaki zingemfaa marehemu yeyote.

Jambo lenyewe ni la mwaka niliorudi. Nilikuwa kijana, na nilirudi nikiwa na begi kubwa, viatu vya ngozi, na cheti changu kilichoviringishwa ndani ya bomba la plastiki nililolishika mkononi safari nzima kwa kuogopa lisije likapondwa. Nilifikia kwa Shangazi, Mtoni, ambako Skola alikuwa akiishi. Tulikuwa na vyumba viwili vya nyuma na sebule ya mbele iliyojaa makochi kuliko watu. Wiki ile ile nilitia cheti kwenye fremu ya dhahabu nikakitundika ukutani, pembeni ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Shangazi akakifunika kwa kitambaa chake cha kufuma ili kisiingie vumbi, na mgeni akija alikiinua kile kitambaa taratibu, kama mtu anavyofunua kanga kumwona mtoto mchanga, akasema, “Huyu ndiye Oswadi wetu. Injinia.” Ukweli ni kwamba mtu wa stashahada ni fundi sanifu. Injinia ni mwingine, mwenye shahada. Nilijua hivyo vizuri kabisa, lakini sikumsahihisha hata mara moja, na baada ya muda mtaa mzima uliniita hivyo, nami nikaitika.

Asubuhi tulikula ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini iliyoletwa kwa gunia kutoka kwetu kusini, tukaiteremsha kwa chai ya rangi. Jioni ilikuwa ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa karanga. Nilikuwa na tabia, nikishanawa mikono, ya kueleza jinsi tulivyokuwa tukila nyama kila siku kule. Shangazi alikuwa akisikiliza kana kwamba ni habari mpya, kisha ananisogezea bakuli. “Kula, Injinia. Na sie siku moja tutaila.” Sikusikia mzaha wowote katika maneno yale, na hadi leo siamini kwamba ulikuwepo. Alikuwa mtu wa kuamini watoto wake. Ndiyo maana jambo hili linaniuma kwa namna hii.

Gari nililikuta nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, mitaa miwili kutoka kwetu. Lilikuwa gari la Kiingereza la zamani sana, lenye mgongo wa mviringo kama kobe na taa za mbele zilizosimama peke yake kama macho ya chura. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Mjane alifurahi kuondolewa takataka. Nililivuta hadi kwa Shomari, rafiki yangu wa utotoni, Mzaramo mwenye mdomo usiopumzika, ambaye alikuwa na banda la kuchomelea mageti na madirisha. Nilimwambia kwamba gari hili tutalifanya kitu ambacho Dar haijakiona. Kule nilikotoka nilikuwa nimeona vijana wakichukua mabodi ya zamani namna hii na kuyafungia injini kubwa za kisasa, wakayatoa yakinguruma Jumapili, na watu wakasimama barabarani kuyatazama. Tulipata injini ya Kijapani ya silinda nane, pamoja na giaboksi yake ya otomatiki, kutoka kwenye gari la mkubwa fulani lililopinduka. Kuiingiza ndani ya mwili ule mdogo kulitutaka tukate na kuchomelea upya karibu kila kitu isipokuwa milango. Shomari alisema ni sawa na kumvisha bibi kizee viatu vya mpira, lakini macho yake yaling'aa kuliko yangu.

Wakati tukiwa katikati ya kazi hiyo, Skola akachumbiwa. Wilbard, mchumba wake, alikuwa karani wa bandari, kijana mpole wa watu wa bara, na nyumba yao ilikuwa Kinondoni. Siku ya kujitambulisha wakaja na mama yake, mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba aliyekaa wima kochini bila kugusa mgongo wa kochi. Shangazi alikuwa amepika siku nzima, akatia hata ndizi na nyama ili wageni wajisikie kwao. Mimi nilizungumza sana. Niliwaeleza wageni habari za Durban, nikawaeleza habari za gari, nikawaahidi mambo ambayo hakuna aliyeniuliza. Baadaye nilitoka uani kuchota maji, na Skola alikuwa huko anaosha sahani. Dirisha la sebule lilikuwa wazi juu yetu, na tuliwasikia wageni wawili wa kike waliobaki ndani wakati wengine wakiagana mlangoni. Mama Wilbard alikuwa akimwambia dada yake, kwa sauti ya darasani ambayo haijui kunong'ona, “Watu wakarimu, sikatai. Lakini watu wa huku maneno yao ni mengi. Siku ya shughuli yenyewe utawatafuta.” Dada yake akasema pengine binti ni tofauti. Mama Wilbard akajibu, “Binti ni mtoto wa nyumba yake. Nitawaona siku hiyo wakimleta.” Skola aliendelea kuzungusha kitambaa ndani ya sahani ile ile iliyokwisha takata. Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia kwamba siku hiyo nitamleta mimi mwenyewe, ndani ya gari langu, na yule mama atakosa pa kuweka uso.

Kwa kawaida gari la bibi harusi huandaliwa na upande wa bwana harusi, na wao walikuwa tayari wameshalipata. Nililikataa. Nililikataa kwa adabu lakini kwa msimamo, na Shangazi, ambaye angeweza kunizuia kwa neno moja, aliwaambia wakwe kwamba mwanawe ni mtaalamu na nyumba hii inapenda kumpeleka binti yake kwa kitu cha kwake. Kuanzia hapo nilikuwa nimebeba jina la Skola ndani ya lile gari, na niliujua uzito wake. Sikuichukulia kazi kwa mzaha. Wanaofikiri kwamba yaliyotokea yalitokana na uzembe hawajawahi kunifahamu.

Naomba nieleze kidogo kazi yenyewe, kwa maana naionea fahari hata sasa, na ndiyo hiyo hiyo inayonitia aibu. Giaboksi ya otomatiki hufanya kazi kwa oili, na oili hiyo hupata moto. Kwenye gari ilikotoka, oili ilikuwa ikipozwa ndani ya rejeta, lakini pua ya gari letu la zamani ilikuwa nyembamba mno, rejeta kubwa isingeingia. Kwa hiyo nilitengeneza rejeta ndogo ya oili, ya peke yake, nikaifunga chini ya sakafu, na mbele yake nikaweka mdomo wa bati uliofunguka kama tarumbeta, ili gari likikimbia upepo uingie kwa nguvu na kuipoza. Feni sikuweka. Feni ingeharibu umbo, na nilimwambia Shomari kwamba barabara yenyewe ndiyo feni. Kisha mafuta. Tenki la zamani lilikuwa limeoza, nikatengeneza jipya la alumini na kuliweka ndani ya buti, na pampu ya umeme pembeni yake. Bomba la petroli likapita chini ya sakafu kwenda mbele, na mabomba ya oili yakapita njia hiyo hiyo, yote yamelala sambamba, yamebanwa pamoja kwa vibanio nilivyovisugua hadi vikang'aa. Ukilala chini ya gari ukatazama juu, ulikuwa unaona kazi safi kama mishono ya fundi cherehani mzuri. Nililala pale mara nyingi nikitazama tu.

Jumapili moja alfajiri, barabara ikiwa tupu, tulilipeleka Barabara ya Bagamoyo hadi Bunju na kurudi. Lilikimbia kama limetumwa. Shomari alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili, anacheka, ananiambia kwamba hili si gari, ni ndege iliyokosea njia. Tulipofika nyumbani niliingiza mkono chini nikashika mabomba ya oili, na yalikuwa vuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Nilimwita Shangazi naye ashike. Aliinama na gauni lake, akashika, akasema kweli ni ya baridi, na akanipongeza kwa kitu ambacho hakukielewa.

Sasa nimezeeka, na nimejaribu mara nyingi kuelewa nilivyoweza kusahau. Mtu yeyote aliyekulia Temeke anajua gari la harusi linavyokwenda. Linakimbia barabara kuu, ndiyo, lakini likikaribia kanisani au ukumbini linakutana na pikapu ya wapiga tarumbeta, na kuanzia hapo linakwenda kwa mwendo wa watu wanaocheza. Wanawake wanatangulia mbele ya boneti, wanarudi kinyumenyume, wanasimama wimbo ukinoga, wanasogea hatua, wanasimama tena. Mimi mwenyewe utotoni nilicheza nyuma ya magari kama hayo hadi ndala zikakatika. Mgeni asiyejua asingefanya kosa lile, kwa sababu mgeni angeuliza mnakwendaje. Mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa mwenyeji. Nilikuwa nimetengeneza gari la barabara ambayo bibi harusi wa Dar es Salaam hajawahi kupitishwa.

Siku yenyewe tulitoka Mtoni vizuri. Skola alikaa nyuma na Shangazi, shela imejaa hadi kwenye madirisha, mimi kwenye usukani na suti ya kijivu. Watu walisimama kando ya barabara kututazama, kama nilivyoota. Kinondoni tukawakuta wapiga tarumbeta wakitusubiri, pamoja na wanawake wa upande wetu waliokuja mapema, wamevaa sare ya vitenge vya bluu na njano. Wakatupokea kwa vigelegele, wakaingia mbele ya gari, na mwendo ukaanza. Jua lilikuwa utosini. Mdomo wangu wa bati ulikuwa umefunguka chini ya sakafu ukisubiri upepo, na upepo haukuwepo. Kwanza nilisikia joto kwenye nyayo zangu. Kisha giaboksi ikaanza kuteleza, injini inapanda sauti na gari halisogei. Kisha injini yenyewe ikakohoa. Nilielewa papo hapo, kama mtu anayesoma maandishi makubwa: oili imechemka, na bomba la oili limelichemsha bomba la petroli lililolala ubavuni mwake, na kilichokuwa kinafika kwenye injini sasa ni mvuke. Vile vibanio vyangu vinavyong'aa ndivyo vilivyoyashikanisha. Injini ikakohoa tena, ikazima. Tulikuwa kwenye kona ya mwisho. Mbele yetu kulikuwa na njia fupi ya changarawe, na mwisho wake ngazi za kanisa, na juu ya ngazi wakwe wamejipanga, Mama Wilbard katikati yao amesimama wima.

Harufu ilikuja kutoka kwenye buti. Tenki lilikuwa limepata moto nalo, likawa linapumulia ndani kupitia nyuma ya kiti. Nilimsikia Skola akivuta pumzi kwa pua. “Kaka,” aliniuliza taratibu, “nanuka petroli?”

Nilimwambia hapana, ni ya nje hiyo.

Akainua mkono wenye glavu nyeupe hadi puani, akaushusha. “Usinidanganye leo,” akasema.

Nilizungusha ufunguo. Nikazungusha tena. Wapiga tarumbeta, walipoona gari haliwafuati, wakaanza kuacha mmoja mmoja, na ule ukimya wa vipande vipande ulikuwa mbaya kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia. Shangazi aliinama mbele hadi mdomo wake ukawa sikioni kwangu. Aliniuliza kama limekufa. Nilimjibu kwamba linahitaji kupoa, kwamba likipumzika kidogo mgandamizo wa mafuta utarudi. Akanikatiza. “Limekufa au halijafa?” Nikasema limekufa, Shangazi. Hakunilaumu hata kwa pumzi. Alitoa kichupa cha marashi kwenye pochi yake akamwagia Skola shelani hadi tone la mwisho, akafungua mlango, akashuka, akanyoosha kitenge chake, na kutembea kwenda mbele kana kwamba hapo ndipo alipokuwa amepanga kushukia tangu asubuhi.

Kwanza alimkuta mpiga tarumbeta mkubwa. “Nani kakwambia unyamaze, baba? Piga.” Kisha akageukia ngazi za kanisa, akapaza sauti ambayo sikujua anayo. “Wakwe zetu, samahanini kwa kuwachelewesha. Kwetu sie bibi harusi akifika kona ya kanisa, injini inazimwa. Mtoto tulimlea kwa mikono, na kwa mikono tunamfikisha. Kina mama, njooni mumpeleke.”

Niliwaona wale wanawake wa sare wakitazamana. Hawakuwa wamewahi kusikia mila hiyo, kwa sababu haikuwepo. Ilikuwa imezaliwa wakati huo huo kinywani mwa Shangazi. Lakini aliwatazama kwa jicho moja tu, na mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakaja wakazunguka gari na kuweka mikono. Gari likasogea. Lilikuwa zito, na usukani wake bila injini ulikuwa mgumu kama mlango wa chuma, kwa hiyo sikuweza kushuka. Ilinibidi nikae. Nilikaa ndani ya suti yangu ya kijivu, mwanamume mwenye afya, huku mama zangu na shangazi zangu na majirani waliovaa viatu vya harusi wakinisukuma kwenye changarawe. Shomari alikuwa dirishani kwangu, bega kwenye nguzo ya mlango, jasho linamtiririka, na hata katika hali ile mdomo wake haukupumzika. “Tulia hivyo hivyo, mwali,” aliniambia. “Leo tunaozesha wawili.”

Kisha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia likatokea. Mama Wilbard alimpa mumewe mkoba, akashuka ngazi, akaja moja kwa moja hadi upande wangu, akaweka mikono yake miwili kwenye bawa la gari na kusukuma. Uso wake ulikuwa karibu na wangu. Alikuwa anahema na macho yake yalikuwa yamelowa. Aliniambia kwamba hawakuambiwa kama tuna mambo mazuri kiasi hiki, kwamba kwao vitu kama hivi vimekwisha, watu wanaletewa binti kama wanaletewa samani. Nilimjibu asante, Mama. Ni maneno gani mengine ningeweza kusema? Nilishika usukani, nikatazama mbele, nikafikishwa.

Harusi ilikwenda vizuri. Nasema hivyo bila kupunguza chochote. Ukumbini mshereheshaji aliizungumzia mila ya kusukuma, watu wakapiga makofi, na Mama Wilbard, yule yule wa dirishani, akasimama na kusema mbele ya wote kwamba amepata binti kutoka nyumba inayojua uzito wa mtoto. Skola alilia. Sijui alikuwa analilia nini. Mimi nilikuwa nimekaa meza ya familia na mikono chini ya meza, na watu walikuja kunipa hongera kwa gari. Walidhani lilikuwa zima. Gari la mtaalamu, lililozimwa kwa heshima.

Nilisubiri Shangazi aniseme. Nilitaka aniseme. Angenitukana, angesema kwamba nilitaka kumwaibisha mtoto wake kwa kiburi cha Durban, angenivua hata lile jina, ningejua nimesimama wapi. Kesho yake asubuhi alinimiminia chai, akanisogezea ming'oko, akaniambia kula, Injinia, kwa sauti ile ile ya siku zote. Ndani ya wiki ile nilitenganisha mabomba, bomba la petroli nikalipitisha upande wa pili wa gari, na rejeta ndogo nikaihamishia mbele na kuifungia feni kubwa ambayo ilipiga kelele kama mashine ya kusaga. Likawa gari la kweli. Lingeweza kusimama foleni ya mchana kutwa bila kujali. Hakuna aliyelihitaji tena kwa harusi, na mimi sikuthubutu kulitoa. Hadi leo gari lolote linalopita mikononi mwangu likiwa na otomatiki, mteja atake asitake, naliwekea feni. Vijana wangu wanafikiri ni utaalamu.

Mila ile haikufa kama nilivyotegemea. Mama Wilbard alikuwa mwalimu, na mwalimu akipenda kitu hukiuliza maswali. Skola alikuwa akija Mtoni Jumamosi, na maswali ya mama mkwe wake yanakuja naye. Siku moja nilikuwa naingia kwa mlango wa uani nikawasikia jikoni, yeye na Shangazi, wanachambua kisamvu. Skola alikuwa anaeleza kwamba safari hii ameulizwa kama mwanamke mjamzito anaruhusiwa kusukuma, na amebaki ametoa macho. Alikuwa na sababu ya kuuliza kwa ajili yake mwenyewe pia, maana mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana. Shangazi akafikiri. “Mwambie anagusa tu. Hasukumi.” Wakaangua kicheko, kicheko kile cha wanawake wawili wanaopendana, kinachopanda na kushuka na kuanza upya. Mimi nikaingia. Kicheko kikakatika. Skola akainamia ungo, Shangazi akafuta macho kwa pembe ya kanga, akasema nimefika wakati mzuri, chai iko tayari. Hawakuwa wananicheka. Ningevumilia kuchekwa. Walikuwa wamenyamaza ili nisiumie, kama watu wanavyonyamaza mgonjwa akiletwa chumbani. Nikanywa chai yangu nikiwa nimesimama na kuwaambia habari za kazi mpya niliyopata, jinsi wateja wanavyonitafuta.

Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha dada yake Wilbard, Editha, alipoolewa. Harusi ilikuwa kanisa lile lile. Upande wa bwana harusi ulikuwa umekodi gari jipya, jeupe, refu, ambalo injini yake huwezi kujua kama inawaka. Nilialikwa pamoja na Shangazi, kama ndugu wakubwa. Nilikaa mbali, upande wa ukuta, nikitegemea kwamba mambo yatapita. Lakini lile gari lilipofika kona, dereva akasimama, akazima injini. Tarumbeta zikaendelea. Wanawake wa bara, wamevaa sare ya zambarau, wakajipanga kulizunguka, wakaweka mikono, wakangoja. Hakuna aliyesukuma. Mama Wilbard alikuwa anatazama huku na huku, na nilielewa kwamba ananitafuta mimi.

Alikuja hadi nilipokuwa. Nilimwamkia, “Shikamoo, Mama,” akaitikia bila kusimama, akanishika mkono na kunivuta hadi kwenye gari, mbele ya watu wote. Shangazi alikuwa ameshaitwa upande wa pili, amepewa nafasi ya heshima karibu na taa. Skola alikuwa kwenye mlango wa nyuma, tumbo mbele, vidole vyake vimegusa bati tu, kama alivyofundishwa. Alinitazama. Nilijua kilichokuwa mikononi mwangu. Miezi yote ile alikuwa ameishi nyumbani kwa mama huyu kwa heshima iliyotokana na kona hii, na neno moja la kweli kutoka kwangu lingemfanya mtoto wa nyumba ya maneno mengi, kama walivyosema siku ile ya kwanza, na sasa ya uongo pia. Lakini sikuwa nalifikiria sana hilo, kusema kweli. Nilikuwa nawaza tu jinsi ya kuondoka pale.

“Injinia,” Mama Wilbard aliniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mwanafunzi, “sisi tumeiga kutoka kwenu, na sitaki tuikosee. Tumeiweka sawasawa?”

Ningeweza kusema ndiyo, Mama, ikaisha. Wanawake wote walikuwa wamenigeukia, na dereva, na wapiga tarumbeta juu ya pikapu yao. Nilitazama ile mikono iliyolala kwenye bati jeupe, mingine ya kulia, mingine ya kushoto, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka, nzito, ya mtu mwenye cheti.

“Mkono wa kulia ndio unaotangulia, Mama. Wa kushoto unafuata.”

Mama Wilbard aligeuka akawaambia wenzake, na kulizunguka gari lile lote mikono ikainuka na kubadilishana. Skola alibadilisha vidole vyake. Na upande wa pili, karibu na taa, bila kunitazama, Shangazi Pelagia aliinua mkono wake wa kushoto kutoka kwenye bati, akaweka wa kulia.